Murphysboro Baada ya Upepo: Shajara ya Mradi wa Ramani ya Mwaka 1925

Septemba, juma la kwanza

Mradi huu unahusu mji wa Murphysboro, makao makuu ya Kaunti ya Jackson kusini mwa jimbo la Illinois, Marekani, na hali iliyoukuta baada ya kimbunga cha Jumatano, tarehe 18 Machi 1925. Tunakusudia kuchora ramani kubwa yenye maelezo ya Kiswahili, ya kutundikwa katika madarasa ya jiografia ya sekondari, pamoja na ramani ndogo za miji jirani iliyopigwa mchana huohuo. Njia ya upepo wenyewe imekwisha kuchorwa mara nyingi na watu wenye ujuzi kuliko sisi. Kinachokosekana, hasa kwa msomaji wa Kiswahili, ni picha ya mji ulioachwa nyuma: moto ulianzia wapi, maji yalikatika vipi, majeruhi walipelekwa wapi, nani alilala hemani na kwa nini jirani yake alijengewa mapema.

Kwanza ilitubidi tuandike kisanduku cha maelezo kwa ajili ya wanafunzi wa pwani, kwa sababu mtoto wa Mafia au Kilwa akisikia kimbunga hufikiria dhoruba ya baharini kama Hidaya, ambayo mwezi Mei 2024 ilifika kwao baada ya kufuatiliwa na wataalamu kwa siku kadhaa. Kilichoipiga Murphysboro ni tornado, yaani safu ya hewa inayozunguka kwa nguvu kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, ambayo mara nyingi upana wake ni wa mita chache au mamia ya mita, na ambayo kwa kawaida hutoweka baada ya dakika chache tu. Ile ya mwaka 1925 haikufuata kawaida hiyo. Ilianza karibu na Ellington, jimbo la Missouri, mnamo saa saba mchana, ikavuka mto Mississippi, ikapita kusini mwa Illinois na kuingia Indiana, ambako ilikoma karibu na Petersburg mnamo saa kumi na nusu jioni. Kumbukumbu rasmi zinaitaja njia yake kuwa ya kilomita 352, na waliofariki kuwa 695.

Septemba, mwisho wa mwezi

Tumekubaliana kuhusu kasi, na uamuzi huo umebadilisha ukubwa wa karatasi. Kimbunga kilisafiri kwa wastani wa kilomita 100 hivi kwa saa, na mahali pengine kilifikia kilomita 117. Kwa mwendo huo Gorham, Murphysboro, De Soto, West Frankfort na Parrish zote zilipigwa ndani ya dakika 40 hivi, na katika dakika hizo watu 541 walipoteza maisha. Tumeziweka saa zote kwa hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo Murphysboro imeandikwa saa nane na nusu mchana, wakati watoto walikuwa bado madarasani na wanaume wengi walikuwa karakanani au migodini.

Upana wa njia, uliokaribia kilomita moja na robo mara nyingi, ulitufanya tuchore ukanda uliotiwa rangi nyepesi badala ya mstari. Kwa mji mdogo tofauti hiyo ni kubwa, maana mstari hupita kati ya nyumba mbili, lakini ukanda wa upana ule humeza mitaa mizima. Asilimia 40 hivi ya Murphysboro iliharibiwa. Gorham, uliokuwa mdogo zaidi, haukubakiwa na kitu cha maana kilichosimama.

Kuna suala moja la kitaalamu ambalo nimelieleza pembeni mwa karatasi. Watafiti waliopitia upya ushahidi wote na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013 waliona kwamba sehemu ya kilomita 280 hivi ndiyo inayoelekea kuwa njia ya kimbunga kimoja kisichokatika, na kwamba ncha za mwanzo na mwisho huenda ni za vimbunga vingine vya wingu lilelile. Miji yetu yote ya Illinois imo ndani ya sehemu wanayoiamini zaidi, kwa hiyo ramani yetu haibadiliki.

Oktoba

Nilimpelekea Mzee rasimu ya kwanza. Yeye ni mpima ardhi mstaafu, aliyefanya kazi ya kupima miji kwa miaka mingi, na amekubali kutusomea kazi yetu kwa hiari yake. Rasimu ilionyesha ukanda wa upepo, majengo yaliyoanguka, shule na kituo cha reli. Baada ya salamu na baada ya kuisifu kazi ya rangi, akaandika: "Mwanangu, upepo umenichorea, nimeuona. Sasa nichoree maji. Mji ukiwaka na bomba likiwa kavu, hayo ni maafa ya pili, na hapa siyaoni."

Swali hilo ndilo limekuwa uti wa mgongo wa karatasi ya Murphysboro. Katikati ya Machi kusini mwa Illinois bado kuna baridi, na nyumba zilikuwa zikipashwa moto kwa majiko ya makaa ya mawe. Nyumba za kawaida zilikuwa za mbao: kiunzi chepesi cha nguzo na boriti, kuta za mbao nyembamba, paa lililopigiliwa misumari tu, na mara nyingi jengo zima limekaa juu ya msingi kwa uzito wake wenyewe bila kufungwa. Upepo uliponyanyua paa, kuta zilikosa kitu cha kuzishika, zikalala. Zilianguka juu ya jiko lenye makaa mekundu. Ndani ya muda mfupi moto ulikuwa umeshika sehemu mbalimbali za mji kwa wakati mmoja, na chini ya mbao hizo walikuwamo watu walio hai ambao wangeweza kutolewa kama kungekuwa na saa za kutosha.

Mitambo ya maji nayo ilikuwa imepigwa. Wazimamoto walifika kwenye mabomba ya mitaani wakakuta hayana nguvu ya kurusha maji, ilhali mto Big Muddy unapita pembezoni mwa mji huohuo. Iliwabidi watumie baruti kulipua majengo yaliyokuwa mbele ya moto ili kuacha pengo usiloweza kuvuka. Kila ninapoliandika jambo hili nafikiri juu ya yule aliyelazimika kuamua ni jengo lipi lilipuliwe, huku hajui kwa hakika kama limekwisha kutafutwa watu wote.

Kwa hiyo karatasi ya Murphysboro sasa ina matabaka mawili ya uharibifu, tabaka la upepo na tabaka la moto, na mahali yanapopandana tumetia mistari ya mshazari. Mpangilio huo, yaani kipi kilitangulia kati ya upepo na moto, ulikuwa pia na uzito wa fedha. Mikataba ya kawaida ya bima ya moto nchini Marekani enzi hizo ilikuwa na kipengele kilichosema kwamba jengo likianguka kwa sababu isiyo moto, bima yake inakoma hapohapo. Bima ya upepo ilikuwa mkataba wa peke yake, wenye malipo ya peke yake. Mwenye nyumba aliyelipia bima ya moto kwa uaminifu mwaka hadi mwaka, kisha nyumba yake ikaangushwa na upepo na kuteketea akiiona, alikuwa na karatasi ambayo huenda isimlipe chochote. Mwalimu mmoja wa hesabu za biashara katika kundi letu ameomba kipengele hicho kiwekwe kama zoezi la darasani, nasi tumekubali.

Novemba

Shule.

Nimekaa siku nyingi na picha ya magofu ya shule ya Longfellow ya Murphysboro, ambako watoto 17 walifariki. Shule za namna hiyo zilikuwa fahari ya miji midogo ya Marekani: matofali, madirisha marefu, ngazi pana, darasa juu ya darasa. Mzazi aliyeishi katika nyumba ya mbao alimpeleka mtoto wake kila asubuhi katika jengo aliloliona kuwa imara kuliko yote aliyoyajua. Lakini ukuta wa matofali usio na nondo ndani yake husimama kwa uzito tu, na ukisukumwa kwa nguvu kutoka ubavuni haupindi, huvunjika. Sakafu za juu na mapaa yalishikiliwa na kuta hizo. Ukuta ulipotoka, kila kitu kilishuka juu ya madawati.

De Soto, mji wa mamia machache tu ya watu, kilomita kumi na kidogo kaskazini mashariki, ulipoteza watoto 33 katika jengo moja la shule, idadi ambayo haijapitwa na kimbunga cha aina hii katika shule yoyote ya Marekani. Waliofariki mji mzima walikuwa 69. Tukiziweka idadi hizo mbili pamoja, karibu nusu ya waliokufa De Soto walikuwa shuleni. Fikiria mji ambao kila familia inaijua kila familia, na wote wakakimbilia mahali pamoja mchana huo, kwa miguu, wakipita juu ya nyumba zao wenyewe.

Swali lililozua mjadala mrefu kuliko yote ni namna ya kuonyesha vifo vya watoto. Mchoraji wetu alitaka kuweka alama moja kwa kila mtoto, ili mwanafunzi azihesabu mwenyewe. Wengine waliona kwamba alama 33 katika kisanduku kimoja zitageuka kuwa pambo. Mimi nilikuwa upande wa mchoraji, na bado niko upande wake: mtoto wa kidato cha pili akizihesabu kwa kidole hadi mwisho ataelewa jambo ambalo tarakimu haimpi. Tumekubaliana kuweka alama kwa shule hizo mbili peke yake, na tarakimu mahali pengine pote. Majina hatuandiki, ingawa yapo kwenye orodha za wakati ule, kwa kuwa familia nyingi zingali zikiishi kaunti ileile.

Novemba, mwisho

Jedwali la vifo limefungwa: Missouri 11, Illinois 613, Indiana 71. Murphysboro peke yake 234, ambayo ni idadi kubwa kuliko ya mji mwingine wowote wa Marekani uliopigwa na tornado moja. Vyanzo hutofautiana kidogo kwa miji kama West Frankfort, kwani majeruhi waliendelea kufariki kwa majuma kadhaa katika hospitali za miji mingine, na baadhi ya orodha zilifungwa mapema. Waliojeruhiwa kwa jumla walizidi 2,000.

Desemba

Reli imechukua mwezi wote huu, na ilistahili.

Murphysboro ulikuwa mji wa reli. Karakana za kampuni ya Mobile and Ohio zilikuwa miongoni mwa waajiri wake wakubwa, na karakana hizo ziliangukia wafanyakazi waliokuwamo ndani. Kwa hiyo wanaume wengi walipoteza siku moja nyumba, ndugu na mahali pa kazi. Lakini reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta msaada. Nyaya za simu na telegrafu zilikuwa zimelala chini, na habari ilibidi itoke kwa watu waliofika kwenye kituo chenye waya mzima. Treni zikaanza kuja zikiwa na madaktari, wauguzi, mablanketi, chakula na majeneza, na kurudi na majeruhi. Carbondale, mji wa reli ulio umbali wa kilomita 12 hivi, haukupigwa, na ulipokea wengi. Wengine walipelekwa mbali hadi St. Louis.

Tumeichora reli kwa mstari mnene kuliko barabara, kinyume cha ramani za siku hizi, kwa sababu mwaka 1925 barabara nyingi za kaunti hizo zilikuwa za udongo, na gari lenye majeruhi lilikuwa na njia chache za kupita mwezi wa Machi. Mwanafunzi akiangalia karatasi yetu ataona mara moja kwa nini mji uliokuwa kwenye njia kuu ya reli ulipata daktari usiku uleule, na kwa nini wenye mashamba kati ya miji walikaa na majeraha yao.

Askari wa akiba wa jimbo la Illinois walifika kulinda magofu na kuongoza watu. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukachukua kazi ya misaada kwa miezi iliyofuata: mahema kwa maelfu waliokosa makazi, majiko ya pamoja, zahanati, na usajili wa familia moja baada ya nyingine. Usajili huo nimeupa nafasi kubwa. Kanuni ya Msalaba Mwekundu ilikuwa kutoa kwa kadiri ya mahitaji ya familia, bila kuangalia thamani ya mali iliyopotea. Mjane mwenye watoto wadogo aliyekuwa akipanga chumba aliweza kupewa zaidi ya mwenye nyumba tatu ambaye alikuwa na akiba benki. Maofisa walimhoji kila mkuu wa familia: mlikuwa wangapi, nani anafanya kazi, mna deni gani, mna ndugu wa kuwasaidia. Kwa aliyezoea kujitegemea, kuulizwa maswali hayo na mgeni mwenye daftari mbele ya hema lilikuwa jambo zito. Hata hivyo naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, na nimeandika hivyo waziwazi katika maelezo ya karatasi, kwani fedha zikigawanywa kwa kufuata mali, aliyekuwa hana kitu jana hubaki hana kitu kesho.

Mzee alisoma sehemu hii akauliza mahema yalipigwa wapi ukilinganisha na maji safi na vyoo, kwa kuwa kambi yoyote ya wahanga inaweza kuleta homa ya matumbo kama vitu hivyo viwili vikikaribiana. Hoja yake ni ya msingi. Tumeongeza maelezo mafupi ya jumla juu ya usafi wa kambi, lakini mahema yenyewe tumeyaonyesha kwa maneno pembeni mwa karatasi bila kuyapa mahali kwenye mitaa.

Januari

Ramani ndogo ya West Frankfort imekamilika. Huu ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na upande wake wa kaskazini magharibi, walikoishi wachimbaji na familia zao, ndio uliopigwa. Mamia ya wanaume walikuwa chini ya ardhi. Walichojua kwanza ni kwamba umeme umekatika na lifti hazifanyi kazi. Wakapanda kwa miguu kupitia njia ya dharura, wakiwa gizani, mmoja nyuma ya mwingine. Walipotoka juu walikuta mitaa yao haipo, na waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto.

Hao waliotoka mgodini ndio waliokuwa na ujuzi uliohitajika kuliko wote: kutegemeza kifusi kwa magogo kisimwangukie anayechimba, kunyamaza wote ili kusikiliza sauti chini, kutoa tofali bila kusogeza boriti. Walifanya kwa wake zao kazi waliyofundishwa kufanyiana wao kwa wao. Ramani hii ina kitu ambacho nyingine hazina, yaani mkato wa ardhi unaoonyesha mgodi chini na mtaa juu yake, kwa sababu bila mkato huo mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini mji mmoja ulipoteza wanawake wengi kuliko wanaume.

Februari

Mwanafunzi yeyote atauliza kwa nini watu hawakuonywa, na walimu wametuomba jibu lisilozidi nusu ukurasa.

Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani wa siku ile ulizungumzia mvua na upepo mkali. Neno tornado halikuwamo, na halingeweza kuwamo. Katika miaka ya 1880 John P. Finley, ofisa wa jeshi, alikuwa amejaribu kutabiri vimbunga hivyo, lakini tangu mwaka 1887 wakuu wa huduma ya hali ya hewa walikataza neno hilo kutumika katika utabiri, wakiogopa kuzua taharuki na kutabiri yasiyotokea. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1938. Utabiri wa kwanza wa tornado uliofanikiwa ulitolewa tarehe 25 Machi 1948 na maofisa wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, katika kambi ya Tinker, Oklahoma. Kati ya Murphysboro na siku hiyo imepita miaka 23.

Hata macho hayakusaidia. Watu wa miji ya mashamba walijua sura ya tornado, mkia mwembamba unaoning'inia kutoka winguni, na wakiuona walishuka kwenye vyumba vya chini. Siku ile wingu lilikuwa chini mno na pana mno, limejaa vumbi na mabaki, hivi kwamba waliolitazama waliona ukungu mweusi unaobingirika juu ya ardhi. Wengi walidhani ni mvua ya radi ya kawaida.

Niliongeza sentensi moja ambayo mwenzetu mmoja aliiona kuwa kali, nayo imebaki: kwamba hofu ya kuwatisha watu ilipewa uzito kuliko haki yao ya kujua.

Machi

Karatasi ya mwisho ni ya Parrish, kijiji cha reli mashariki mwa West Frankfort. Watu zaidi ya 20 walifariki hapo, karibu majengo yote yakaenda, na wengi wa waliobaki hawakujenga tena. Murphysboro na De Soto zilijengwa upya na zipo hadi leo. Parrish haikurudi kuwa mji.

Tofauti hiyo imetupa kazi kuliko nilivyotarajia, maana mwalimu atakayesimama mbele ya ramani ataulizwa sababu. Murphysboro ulikuwa makao ya kaunti: mahakama, kumbukumbu za ardhi, benki na viwanda viliwalazimu watu kurudi hata kama hawakutaka. Maskini na tajiri wote walikuwa na shauri la kumalizia pale. Kijiji chenye kituo cha treni, maduka machache na shule hakikuwa na mvuto wa namna hiyo. Duka likihamia mji wa jirani, wateja hulifuata, na mwenye kiwanja huona kwamba kujenga hapo ni kujenga peke yake. Msaada uliotolewa kwa familia moja moja, hata ukiwa wa haki, ulimwachia kila mtu uamuzi wa mahali pa kwenda, na katika Parrish maamuzi hayo yote yalielekea kwingine.

Mchapaji aliuliza kama jina la Parrish liandikwe kwa hati ileile ya miji mingine au kwa hati ya mlazo, kama ramani zinavyofanya kwa mahali palipohamwa. Tumeliandika kwa hati ileile, kwa kuwa ramani yetu ni ya mwaka 1925, na asubuhi ya tarehe 18 Machi Parrish ilikuwa na watu. Karatasi zote zimekwisha kwenda kwa mchapaji, isipokuwa jedwali la saa, ambalo Mzee ameomba alisome tena kabla ya kupigwa chapa.